Kovu la Nyusi ya Kushoto

Mbuzi alikuwa ameshakula pembe ya chini ya bango kwa kupenda gundi ya unga iliyolishikiza, na hakuna aliyejisumbua kumfukuza. Lilibandikwa kwenye ukuta wa kibanda cha chai, ng'ambo ya barabara kutoka kituo cha polisi cha Vadakkur, na tangu juzi Inspekta Poongodi alikuwa akilipita bila kulitazama. Katika mji ule mtu hajapoa, uso wake umeshafika ukutani. Chini ya uso huandikwa neno MACHOZI kwa herufi nyekundu, kisha majina ya wafiwa, wa kweli na wa kujipendekeza. Kuta zimejaa marehemu mpaka macho ya watu yamewazoea.

Alasiri ile chai ilikuwa ya moto mno. Akiisubiri ipoe, Poongodi aliinua macho kwenye bango, na bilauri ikabaki mkononi.

Alichokiona kwanza ni maua. Vitumba vya asmini kwenye nywele za marehemu vilihesabika kimoja kimoja. Kishada kilikuwa kimekaa upande, kimeinamia sikio. Halafu akaliona kovu, jembamba, limeikata nyusi ya kushoto karibu na mwisho wake. Uso ulilijaza bango karibu lote, wala haukuvunjika mahali popote.

Alimtuma Konstebo Ayyanar akamletee lenzi ya alama za vidole. Ayyanar, mtu wa masharubu makubwa na haraka ndogo, alirudi nayo akiuliza kama sasa wanaanza kukamata mbuzi.

"Tazama hapa kwenye kope," Poongodi alisema. "Unaona nini?"

Ayyanar aliinama. "Nukta, afande. Nyekundu, bluu, njano, nyeusi. Tele."

"Hizo ni za wino, kila karatasi ya chapa inazo. Nataka za picha yenyewe. Ukingo wa kope umenyooka, au una ngazi ngazi?"

"Umenyooka kabisa."

"Basi hii picha wameitoa wapi?"

Ayyanar alisema wameitoa kwa wafiwa, kwani nani mwingine hutoa picha ya marehemu. Poongodi alilipa chai ambayo hakuinywa, akavuka barabara, na konstebo akamfuata.

Marehemu alikuwa Valarmathi, binti wa mjane Petchiammal. Alikutwa ndani ya kisima kinachopakana na shamba la kina Nagulan, na Nagulan mwenyewe alikuwa mahabusu, nyuma ya mlango wa chuma pale kituoni. Kesho asubuhi gari lingempeleka mahakamani kwa shtaka la kuua. Kijana alikuwa na maneno yaleyale tangu alipokamatwa. Kwamba yeye na Valarmathi walifunga ndoa asubuhi ya siku ya msiba kwenye hekalu dogo la kilimani, peke yao, kwa kuwa koo zao hazikai mkeka mmoja. Kwamba alimpiga mkewe picha moja kwa simu yake. Kwamba walipokuwa wakiteremka kwenda kituo cha basi, wanaume waliojifunga taulo usoni walimchukua msichana, wakampokonya yeye simu.

Kuhani wa hekalu alisema hakumbuki harusi yoyote. Sermakani, kaka wa marehemu, alitia saini maelezo kwamba dada yake alitoka nyumbani alfajiri na hawakumwona tena mpaka alipotolewa kisimani. Mkubwa wa Poongodi wilayani aliyasoma maelezo hayo akaridhika. Mtu wa mtaa wa chini, wa ukoo unaodharauliwa kama wa Nagulan, akiwa ndani, wengi huridhika upesi.

Picha ile kila mtu aliijua. Nagulan alimrushia Valarmathi nakala kwa wasapu, naye akakata uso tu, akauweka kwenye wasifu wake. Ilikuwa ndogo kama stempu. Simu ya Valarmathi ilikutwa imefungwa kwenye pindo la sari yake, imekufa maji, kwa hiyo kilichobaki duniani ni ile stempu tu, ambayo yeyote aliyekuwa na namba yake angeweza kuichukua.

Poongodi aliijua hesabu ya stempu na ukuta, na alijifunza kwa uchungu. Baba yake alipofariki hakuwa na picha nyingine ila ya kitambulisho. Mchapaji alimwonya kwamba itavunjika. Yeye alilazimisha, akidhani mashine ni mashine. Mpaka mvua zilipolitoa lile bango, alikuwa akienda kazini kwa kupita mbele ya baba mwenye miraba badala ya macho.

Alimketisha Ayyanar mezani na utepe wa kupimia. Bango lilikuwa na upana wa inchi ishirini. Picha ya wasifu ilikuwa na nukta mia sita na arobaini kwa upana.

"Gawanya."

"Thelathini na mbili kwa kila inchi," Ayyanar alisema baada ya kuhangaika kidogo.

"Kadi ya harusi, kwa kuwa unaishika mkononi, inataka mia tatu. Bango la ukutani unalitazama kutoka mbali, kwa hiyo linasamehe. Mia na hamsini inatosha. Thelathini na mbili haisameheki hata ukisimama upande wa pili wa mto. Haikupi kope, inakupa vigae."

Ayyanar alisokota sharubu. Halafu akaangaza uso, akasema basi kesi imekwisha. Kama picha kamili ilikuwa kwenye simu ya Nagulan tu, basi ni watu wa Nagulan walioipeleka kuchapwa. Ameua, kisha ametuma rafiki akamlilie kwa niaba yake.

Poongodi aliona si wazo la kutupwa. Walirudi ukutani wakasoma majina ya wafiwa, moja baada ya jingine. Hakukuwa na hata moja la mtaa wa chini. La kwanza kabisa lilikuwa la Kombiah, mjomba wa marehemu, kwa herufi nene kuliko za mama mzazi. Hata hivyo mwenye kuchapa ndiye anayejua aliyeleta picha, na jina la mchapaji lilikuwa pale chini, mahali mbuzi alipoishia.

Mchapaji huyo, Chelladurai, alijifunza kazi Sivakasi, mji wa wachapaji, kwenye mashine za kalenda, na duka lake lilinukia wino na ubani. Kila ulipogeuka kulikuwa na mungu wa kalenda, mwenye tarehe za mwezi chini ya miguu. Walimkuta akikata kadi za harusi. Aliwavutia viti, akataka kuagiza kahawa, na alipoulizwa nani alileta kazi ya Valarmathi hakusita: Sermakani, kaka mtu.

"Na picha?"

"Ya wasapu, afande. Ile ndogo."

"Ile ndogo haitoki hivi."

"Zamani ndiyo haikutoka. Siku hizi kuna programu. Unailisha picha mbovu, inaiongezea nukta. Kompyuta sasa inaota kama mtu." Alicheka peke yake. Ayyanar alimtazama mkubwa wake kwa jicho la pole, kama kwamba safari yao imeishia hapo.

Poongodi alitoa simu, akaifungua picha ya wasifu, akaiweka juu ya kadi za harusi. Alimwomba Chelladurai aifanye tena, sasa hivi, naye ataitazama kwa kuwa anapenda kujifunza. Chelladurai alisema umeme haueleweki. Umeme ulikuwepo. Akasema programu ni nzito. Poongodi alijibu kwamba serikali inamlipa kwa mwezi, si kwa saa.

Walikaa wakisubiri. Programu iliota ndoto yake, mstari ukatambaa kwenye kioo, na mwishowe mashine ikatema karatasi. Alikuwa msichana mzuri mno. Ngozi yake ilikuwa laini kama ya tangazo la sabuni. Vitumba vya asmini vilikuwa vimeungana kuwa donge moja la wali. Nyusi zote mbili zilikuwa nzima.

Poongodi alichukua bango moja lililobaki dukani, akalitandaza ubavuni mwa karatasi, akaweka kidole kwenye nyusi ya kushoto.

"Kovu limekwenda wapi?"

Chelladurai alijifuta mikono kwenye msuli, ingawa haikuwa na wino.

"Programu inajaza kwa kukisia," alisema taratibu. "Kisichokuwemo haiwezi kukijua."

"Kumbe unajua. Kesho kuna mtu anakwenda mahakamani kwa kesi ya kitanzi. Ukisema bango hili ulilitoa kwenye stempu, nitaandika. Utakula kiapo, na hakimu atakwambia ulitoe tena mbele yake."

Njia ya mwongo ni fupi, na Chelladurai hakuwa mwongo wa kazi; alikuwa mtu mwoga tu. Aliinuka akafunga mlango wa duka. Aliporudi alikuwa amezeeka.

Alisema kweli mara ya kwanza alifanya kwa programu. Sermakani alikuja kuitazama kabla ya kuchapa, kama wafiwa wote, na mchapaji alitegemea sifa. Sermakani aliishika karatasi muda mrefu.

"Akaniambia, 'Huyu si dada yangu. Umemfuta.' Nikamwambia, mdogo wangu, mimi siwezi kutoa ambacho hakimo. Nenda kalete picha yenyewe, kwenye simu iliyoipiga. Nilisema hivyo kama ninavyowaambia watu wote, afande. Sikujua namwambia nini." Alionyesha kiti alichokalia Ayyanar. "Alikaa hapo akalia kama mtoto. Halafu akaondoka. Aliporudi alikuwa na memori kadi kwenye kiganja, basi, bila simu."

"Bado unayo ile picha?"

Alikuwa nayo. Mchapaji hafuti kazi mapema; mteja anaweza kurudi kuagiza mengine. Aliifungua kwenye kioo, na Ayyanar akasoma kwa sauti, kabla hajaambiwa, nukta za kipande cha uso kilichokatiwa bango: elfu tatu kwa upana. Aligawanya kwa ishirini mwenyewe, midomo ikicheza. Ilikuwa mia na hamsini kamili.

Lakini Poongodi hakuwa tena kwenye hesabu. Bangoni uso uliishia kidevuni. Kwenye kioo Valarmathi alikuwepo mpaka kiunoni, amesimama kwenye ngazi za hekalu, anacheka, na shingoni mwake ulining'inia uzi wa ndoa, wa manjano mbichi, umelowesha kola ya blauzi kwa binzari. Pembeni ya picha, simu ilikuwa imeandika aina yake na saa. Yote mawili yalikuwa yaleyale aliyoyasema Nagulan.

"Nani alikuagiza ukate shingoni?"

"Sermakani."

"Nawe uliuona uzi."

"Niliuona."

"Ukachapa mia mbili, ukanyamaza, na mumewe yuko ndani."

"Nina mabinti wawili, afande," Chelladurai alisema, "na Kombiah ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta." Kisha akalia. Poongodi, aliyekuja na hasira, alimtaka tu achape picha ile nzima kwa ukubwa wa kiganja, kwa ubora wa kadi, kwa ajili ya jalada. Chelladurai aliichapa kwa uangalifu, akaikata kingo kwa rula, akaifunga kwenye karatasi nyeupe kama anavyofunga kadi ya harusi.

Nyumbani kwa wafiwa turubai lilikuwa bado limesimama. Sermakani alikuwa akikunja viti vya kukodi, kichwa kimenyolewa kwa msiba. Mama yake, Petchiammal, alikaa sakafuni akiegemea nguzo ya baraza, macho kwenye taa ya mafuta, na hakuyainua wageni walipoingia. Ayyanar alisimama karibu na lango bila kuambiwa.

Poongodi hakuuliza mambo ya alfajiri wala ya kisima. Alitandaza karatasi mbili juu ya kiti kimoja, ile ya programu na bango.

"Ipi dada yako?"

Sermakani alionyesha bango.

"Kwa nini si hii? Hii ndiyo nzuri zaidi."

Kijana alikaa chini palepale, kwenye vumbi. Mficha maradhi kilio humuumbua, na huyu alikuwa amekibeba kilio chake tangu siku ya kisima.

"Hilo kovu ni langu," alisema. "Nilimtengenezea bembea kwenye mwarobaini wetu. Alikuwa mdogo sana. Nilimrusha juu mno, akaangukia jiwe. Nilimbeba mgongoni mpaka zahanati na yeye hakulia, mimi ndiye niliyelia." Alivuta pumzi. "Ningewezaje kumweka ukutani bila kovu? Watu wangepita wanamwona mtu mwingine."

"Kadi uliitoa wapi, Sermakani?"

"Mjomba aliichoma simu. Mimi niliwahi kuitoa kadi. Nilijua humo ndimo anamocheka."

"Na kisimani?"

Nyuma yake mama yake aligeuza kichwa kwa mara ya kwanza.

"Mjomba Kombiah ndiye aliyemsukuma. Mimi nilimshika mkono tangu barabarani. Taulo lilinivuka usoni, akanijua. Akatulia, akanifuata. Alidhani nampeleka nyumbani."

Aliyasema bila kuulizwa tena, na Ayyanar aliyaandika akiwa amesimama, na mara moja alilazimika kuacha ili ajifute macho kwa mkono wa shati. Kadi ilikuwa nyuma ya picha ya mungu, kwenye rafu ya taa. Sermakani aliitoa mwenyewe, akaikabidhi kwa mikono miwili kama mtu anavyotoa sadaka. Aliuliza jambo moja tu: kama mabango watayabandua. Poongodi alisema moja litahitajika kwa ushahidi. Sermakani aliomba wasilikwangue kwa kisu, walilowanishe kwanza, maana gundi ya Chelladurai ni kali na karatasi huchanika usoni.

Sermakani alipopelekwa langoni, Ayyanar alirudi hatua mbili akauliza kwa sauti ya chini nani atakayekwenda kumchukua Kombiah, na nani atamwambia Nagulan.

"Kombiah twende wote, omba gari na watu wanne," Poongodi alisema. "Nagulan nitamwambia mimi. Atafunguliwa, na hana mke wala pa kwenda. Hiyo si habari ya kumtuma mtu."

Alikuwa akijiandaa kuondoka Petchiammal alipozungumza. Sauti ilikuwa imekauka kwa kilio cha siku zilizopita.

"Huyo mchapaji ana picha yake nzima?"

"Anayo, mama."

"Mimi sijaiona. Waliniambia nisiione."

Poongodi alisita. Uzi ulikuwa mle, na mama huyu alikuwa na jina lake kwenye bango lililoukata. Kwa siku moja alikuwa amepoteza na mwana aliyebaki, na kaka yake mwenyewe alikuwa njiani kufuata. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na picha haikuwa ya Poongodi kuinyima. Aliifungua ile karatasi nyeupe, akampa.

Petchiammal aliisogeza karibu kabisa na macho, kama anayechambua mchele. Ilikuwa picha ya kushikwa mkononi, imechapwa kwa ajili ya mkono, na hakuna kilichojificha ndani yake. Poongodi alingoja aufikie uzi. Aliufikia, akakaa hapo kidogo, akaupita. Kidole chake kilipanda shavuni, kikaigusa nyusi, kikasimama kwenye nywele.

"Haya maua kajibandika mwenyewe," alisema.

Poongodi aliinama atazame.

"Ona yalivyoinama. Mkono wa mwenyewe haufiki huko nyuma. Siku ya harusi yake. Hakuwa na mwanamke hata mmoja wa kumbania."

Mkono wake wa kushoto ulikwenda kichwani kwake, kwenye nywele nyeupe za mjane zisizowekwa maua, ukatafuta kibanio, ukakipata, ukakichomoa. Alikishika juu ya picha. Kisha kwa kidole gumba akakisukuma kishada cha pichani kuelekea juu, polepole, mara ya kwanza na mara ya pili.

Poongodi alikaa naye barazani mpaka gari lilipofika. Picha ilikuwa mali ya jalada, lakini hakumwomba airudishe. Angepita kwa Chelladurai achapiwe nyingine.